Mchawi si Wizadi Aliyevaa Kofia Nyeusi

Wiki iliyopita nimeletewa tena mhusika wa mchezo wa kuigiza wa mezani, ule ambao kila mchezaji anaongoza mtu wake wa kubuni na msimamizi, ndiye mimi, anaendesha hadithi. Karatasi ya mhusika imejazwa vizuri, mwandiko safi, na pembeni pamechorwa picha: bibi mwenye pua ndefu, ufagio, paka mweusi, kofia iliyochongoka. Nikashuka kwenye orodha ya speli, yaani matendo yake ya kichawi. Mpira wa moto. Kombora la uchawi. Ngao. Nikauliza, "Huyu ni nani?" Nikajibiwa kwa fahari: "Mchawi! Kama wale wa kwenye riwaya. Ila kwa vile hakuna klasi (aina ya mhusika) ya mchawi, nimechukua wizadi (yule msomi wa uchawi wa vitabuni) nikambadilishia nguo."

Nimesimamia michezo hii ya mezani miaka ya kutosha, na sentensi hiyo ninaijua kwa moyo kabla mtu hajafumbua kinywa. Leo naiandikia jibu moja refu, nipumzike.

La klasi nilimalize haraka, maana ndilo dogo. Ni kweli, kitabu cha wachezaji cha mchezo wa Dungeons & Dragons cha mwaka 2014 kina klasi 12 na hakuna hata moja inayoitwa mchawi. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo, wanayo tangu 2010, wakairudisha 2020 kwenye toleo lao la pili, na tangu 2023 imo katika kitabu kikuu. Kwa hiyo "hakuna klasi" inategemea unacheza mchezo upi. Lakini hata ukiipata, hujafika popote. Nimeona wachawi wa Pathfinder waliopoa kama uji wa jana, na nimeona druidi (mtumia uchawi wa pori) mmoja aliyekuwa akisema "sawa, nitakusaidia" meza nzima inanyamaza. Chukua woloki (aliyepata uchawi kwa mkataba), chukua druidi, chukua hata badi (mwimbaji), sijali. Mchawi haanzii hapo.

Kuna tatizo jingine ambalo limo kwenye lugha yetu wenyewe. Kwa Kiswahili mchawi ameshahukumiwa kabla sentensi haijaisha. Anayetibu ni mganga, anayeagua ni mwaguzi, na mchawi kazi yake ni kuroga, basi. Riwaya za fantasia huwarundika wote watatu katika mwili mmoja. Alfajiri ni mkunga, mchana anachemsha majani ya kikohozi, usiku anagongewa mlango wa nyuma na mtu ambaye kesho wakikutana njiani atajifanya hamjui. Mchezaji anayeandika "mchawi" huku akifikiria maana moja tu anabaki na njia mbili: jitu baya, au kofia. Wengi huchagua kofia.

Wahenga walikuwa mbele yetu hapa. "Mchawi mpe mwana kulea." Methali hiyo peke yake ni nusu ya karatasi ya mhusika. Unampa mwana yule unayemwogopa, kwa sababu mtoto akipata jambo, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Sasa jibu maswali: nani alimpa mhusika wako mtoto? Yuko wapi huyo mtoto leo? Nikipata majibu mawili ya hayo naweza kuendesha sesheni (vikao vya mchezo) tatu bila kufungua kitabu.

Wizadi uwezo wake uko kitabuni mwake. Mwache jangwani peke yake, bado ni wizadi. Mchawi wa riwaya ukimwacha jangwani peke yake ni mtu mwenye fimbo. Nguvu zake ziko kwa watu: huyu ana deni kwake, yule ana siri kwake, mwingine nywele zake zimefungwa kwenye kitambaa kabatini. Ndiyo maana napenda mchezo mdogo wa Monsterhearts wa mwaka 2012, ambamo mchawi hupata nguvu kwa vitu vyenye maana alivyowachukulia wenzake. Lazima awe amekichukua. Kanuni ya sentensi moja, na tayari mchezaji anaangalia kalamu ya jirani yake kwa jicho la tamaa.

Mfano wa zamani zaidi ni tamthilia, si riwaya, ila waandishi wengi wa riwaya wamechota humo. Katika Macbeth ya Shakespeare mmoja wa wachawi watatu anasimulia kisa chake. Mke wa baharia alikuwa anatafuna chestinati (kokwa za mti), mchawi akaomba, akafukuzwa. Adhabu haimwendei mke, inamwendea mume aliye safarini kuelekea mji wa Aleppo. Atakoseshwa usingizi, atanyauka kwa wiki tisa mara tisa, chombo chake kitapigwa na dhoruba. Lakini chombo hakiwezi kuzamishwa, na mchawi mwenyewe anakiri hivyo. Hebu tazama kilichomo humo: kinyongo kidogo cha aibu, njia ya kumfikia mtu kupitia mtu wake, na mpaka ambao uchawi hauvuki. Hakuna hata dadu moja ya moto, na bado ni kisa cha kutisha kuliko mipira ya moto yote niliyowahi kuhesabia.

Sasa nifike panaponiuma. Bei.

Kila mchezaji wa mchawi huniandikia kwenye historia ya mhusika: "uchawi wake una gharama." Vizuri. Gharama gani? "Giza linamla polepole." Giza linamla wapi? Nani analiona? Sesheni ya nne nikiuliza, giza limeshasahaulika, na mhusika anarusha speli kama anayenyunyiza maji bustanini. Bei ambayo mimi msimamizi siwezi kuishika mkononi haipo. Ni pambo la aya ya pili.

Na kanuni hazitusaidii, maana zimetengenezwa makusudi kuiondoa. Chukua heksi, ile speli ya leveli (ngazi) ya 1 ya woloki. Kitabu cha 2014 kinadai jicho la mjusi wa majini lililogeuka jiwe. Jicho lililogeuka jiwe! Kuna mtu alilitafuta, kuna mtu aliliuza. Kisha kanuni hiyohiyo inasema ukiwa na kifuko cha viambato, au kifaa cha kuelekezea uchawi, kitu chochote kisichoandikiwa bei yake kinahesabika umekwisha kuwa nacho. Ikaishia hapo. Kwa wizadi sina neno, nani anataka kuhesabu mavi ya popo katikati ya vita? Kwa mchawi umemnyang'anya chakula. Riwaya nzima inaweza kuwa ni safari ya kulitafuta jicho hilo.

Ninachofanya mezani kwangu ni hiki. Speli za kawaida za mapigano naziacha kama zilivyo, kifuko kinatosha. Lakini mchawi akitaka kufanya lile analoombwa na watu, kumponya aliyekata tamaa, kumfunga mtu ulimi, kumrudisha mpenzi, basi tunapatana bei kabla dadu haijaguswa, na bei iwe kitu ambacho mtu mwingine mezani anaweza kuona kimepungua. Jina la mtu ambaye hatamkumbuka tena. Ladha ya chumvi. Ahadi aliyopewa mtu asiyemjua, italipwa siku itakapodaiwa. Ninaiandika kwenye kadi, kadi inakaa mbele ya mchezaji, na mimi nina ruhusa ya kuidai wakati wowote. Kadi zikifika tano hivi, mchezaji anaanza kupima maneno kabla ya kusema "ninaweza." Hapo ndipo amegeuka mchawi, hata kama bado yuko leveli ya 2.

Mtu huniambia, "Kwa hiyo unamwadhibu kwa kuchagua mchawi?" Hapana. Kadi hiyo ni mali yake. Wengine wote wanalipwa dhahabu wakimaliza kazi, yeye anapata watu wanaorudi. Na bei haimwangukii mlipaji mmoja tu: aliyeomba naye anaachia kitu. Baba Yaga, bibi mchawi wa ngano za Kirusi, alimpa msichana moto, ila kwanza alimpa kazi za nyumba. Mchawi anayetoa bure anazoeleka, na aliyezoeleka haogopwi.

Laana nayo. Nitajitahidi nisipandishe sauti. Katika kanuni hizohizo za 2014 kuna speli ya kulaani ya leveli ya 3. Lazima umguse mtu, lazima ushikilie umakini (ukiupoteza, speli inakatika), na inadumu dakika moja. Dakika moja! Kikohozi kinadumu zaidi. Ukiitupa kwa sloti (nafasi ya kurusha speli) ya ngazi ya 5 umakini hauhitajiki na inadumu kwa muda wa saa 8. Ukitaka laana isiyokwisha yenyewe, inahitaji sloti ya 9, yaani mhusika awe amefika leveli ya 17, wakati bibi wa ngano aliifanya jioni moja kwa sababu hakualikwa karamuni. Kisha, baada ya yote hayo, kleriki (kuhani) wa leveli ya 5 anakuja na speli ya kuondoa laana, anaifuta, anaendelea na chakula chake.

Na kabla sijasahau: heksi inaharibu majaribio ya uwezo (kama kupanda ukuta), haigusi dadu za kujiokoa (za kuepuka madhara). Soma tena. Nimebishana juu ya hili hadi chai ikapoa.

Kwangu laana ya hadithi haitupwi kwa sloti kabisa. Inatamkwa, ina sababu, na ina mlango wa kutokea ambao mlaani mwenyewe anaujua. "Hutalala mpaka umrudishie dada yako ulichochukua." Speli ya kuondoa laana ninairuhusu, lakini inafanya kazi tu kama anayeiondoa anajua kwa nini mtu alilaaniwa. Vinginevyo inampa usingizi wa usiku mmoja. Kanuni hii niliibuni kwa hasira na nimeibadilisha mara tatu, siku moja kleriki mwerevu ataivunja.

Mnyama mwandani, yaani mnyama wa kichawi anayefuatana na mchawi, nitapita juujuu. Kwenye Pathfinder ya kwanza speli za mchawi zilikaa ndani ya mnyama wake. Akifa, unalipa sarafu 500 za dhahabu kwa kila leveli yako, unafanya ibada ya muda wa saa 8, na mpya haji na speli zote. Toleo la pili likabadilisha: mlezi wako (ile nguvu iliyokupa uchawi) anakurudishia siku inayofuata, na speli zilezile. Hapa lazima nikiri kitu kinachopingana na yote niliyoandika juu. Ile ya kwanza ni ya kichawi zaidi, moyo unadunda kila paka anapochungulia dirishani. Lakini nilichokiona mezani ni wachezaji kumficha paka mfukoni kampeni nzima (hadithi yote ya vikao vingi), asitoke, asiongee, asifanye lolote. Bei ilikuwa kubwa mno hadi mnyama akawa mkoba. Ile ya pili haiumi, na paka ametoka nje. Sijui ipi bora. Nabadilisha kila kampeni.

Na mashaka makubwa zaidi ni haya. Mchawi wa riwaya ana mahali. Ana kisima chake, njia yake, watu wake wanaomchukia kwa majina. Sisi tunacheza kundi linalosafiri. Leo msituni, kesho mji mwingine, keshokutwa chini ya ardhi na mifupa inayotembea. Mizizi yote niliyomwambia mchezaji aiweke inakatika sesheni ya pili. Nimejaribu barua zinazomfuata njiani. Nimejaribu kundi lirudi nyumbani kila mwezi wa mchezo. Nimejaribu kumwambia kundi ndilo kijiji chake, na hili limefanya kazi kuliko mengine, lakini lina hatari yake: mchawi anaanza kuwashika wenzake kwa siri na madeni, na kama wachezaji hawakukubaliana mapema, watu wanaondoka mezani wamenuna kikweli. Siku hizi nauliza kila mmoja waziwazi kabla ya kuanza: je, mhusika wako anaweza kudaiwa na mchawi? Akisema hapana, ni hapana, na simuulizi sababu.

Pia, mchawi mzuri anakula muda. Mapatano ya bei yanaweza kuchukua dakika ishirini wakati mpiganaji amekaa anachezea dadu. Sina dawa ya hilo zaidi ya kutazama saa.

Yule wa wiki iliyopita nilimrudishia karatasi na maswali matatu: nani anagonga mlango wa nyuma, ulimchukulia nini, na ni kitu gani huwezi kukifanya hata ukilipwa. Juzi ameileta. Mpira wa moto umefutwa, na amehamia druidi. Anayegonga ni mlinzi wa lango. Alichomchukulia ni kifungo cha koti la harusi. Kwenye swali la tatu ameandika, "Siwezi kujiponya mwenyewe," na chini yake, kwa wino mwingine, "mganga hajigangi." Kofia ameibakiza. Nikamwuliza aliipata wapi, akasema hilo ndilo deni lake la kwanza, nami nikavuta kadi.