Je, Wajua Kwa Nini The Godfather Ina Giza Hata Kwenye Diski ya 4K?

Mara ya kwanza niliitazama The Godfather, filamu ya familia ya mafia, kwenye mkanda wa VHS, na dakika tano hazijaisha nilikuwa nimeshashika rimoti. Ofisi ya Don Vito Corleone, mzee anayeiongoza familia hiyo, ilikuwa giza totoro, macho ya mzee hayaonekani, na kwenye vivuli kulichezacheza chengachenga. Nikapandisha mwangaza wa runinga hadi mwisho. Macho hayakutokea. Giza lile liligeuka rangi ya jivu tu, na harusi ya nje, ambayo jua lake lilikuwa linatosha, ikawa nyeupe pe. Nikaulaumu mkanda. Ikaja DVD, nikasema sasa yatafunguka. Ikaja Blu-ray. Mwaka 2022, filamu ilipotimiza miaka 50, ikaja 4K. Mzee bado macho yake yamo kivulini.

Nilichokosea ni kudhani kwamba giza lilikuwa uchafu uliokaa juu ya picha, kama vumbi kwenye kioo, na kwamba siku moja teknolojia italipangusa. Dhana hii ni ngumu kuing'oa kwa sababu nusu yake ni kweli. VHS ilikuwa na uwezo wa kuonyesha mistari 240 hivi tu, rangi zake zilitambaa nje ya mipaka, na vivuli vilishikana vikawa bonge moja. DVD ya mfumo wa Marekani ina nukta 720 kwa 480, Blu-ray 1920 kwa 1080, 4K 3840 kwa 2160. Kila hatua imefichua jambo: nyuzi za kitambaa cha koti, mbao za ukutani, manyoya ya paka aliyepakatwa na mzee. Kwa hiyo mtu anahesabu: kama paka amepatikana, macho nayo yako njiani. Lakini diski inaweza kutoa kile tu kilichoingia kwenye utepe wa filamu ndani ya kamera siku ya kupiga picha. Paka aliingia. Macho hayakuingia.

Aliyeyazuia ni Gordon Willis, mpiga picha mkuu wa sehemu zote tatu (1972, 1974 na 1990), ambaye katika fani yake alipewa jina la utani la Mwana wa Mfalme wa Giza. Chanzo chenyewe ni cha kawaida mno: vipodozi. Marlon Brando, aliyemwigiza Don Vito, alikuwa na umri wa miaka 47 hivi akicheza mzee, na ili vipodozi vile vikubalike Willis alitundika taa juu ya kichwa chake. Mwanga wa utosini huangukia kipaji na pua, na matundu ya macho hubaki mapango. Kisha akautumia mtindo huo kwa chumba kizima, na juu yake akaupa utepe wa filamu mwanga mchache kuliko kawaida.

Hapo ndipo rimoti inaposhindwa. Fikiria vikombe vidogo mno, mamilioni, vimepangwa uwanjani kungojea mvua. Kila kikombe ni punje ya chumvi ya fedha kwenye filamu, na mvua ni mwanga. Kikombe kikipata matone machache ya kutosha, kinahesabiwa. Kisipoyapata, hata kama kililowa kidogo, hakihesabiwi. Mvua ikiwa kubwa, uwanja wote unahesabiwa. Yakiwa manyunyu, vinahesabiwa vile vyenye midomo mipana peke yake, kimoja hapa, kingine kule. Sasa inafuata hatua ambayo ingeniokolea miaka ya kuchezea rimoti: wakati wa kusafisha filamu, vikombe visivyohesabiwa huyeyushwa na kutupwa. Havibaki vikisubiri mtu wa kuja kuvichungulia mwaka 2022.

Ndiyo maana kupandisha mwangaza ni sawa na kuongeza sauti ya redio wakati mtangazaji amenyamaza. Utasikia mvumo, maneno hayatakuja. Mvumo wa picha ni zile chengachenga, ambazo ni vile vikombe vichache vyenye midomo mipana vikijitokeza kimoja kimoja. Mfano wangu una mpaka wake: kwenye filamu ya rangi fedha yenyewe huondolewa mwishoni, na kinachobaki ni mawingu madogo ya rangi pale zilipokuwa punje. Tena si kila kivuli cha VHS ni kazi ya Willis. Sehemu ya lile giza langu ilikuwa kweli ya mkanda, na sehemu nyingine ya runinga yangu.

Chembechembe hizo zimeponza filamu nyingi za zamani. Programu ya kompyuta ikiambiwa iondoe chengachenga, haijui ipi ni chembe na lipi ni tundu la ngozi. Inalainisha vyote, na waigizaji wanatoka kama sanamu za nta. Ukarabati uliosimamiwa na Robert A. Harris, uliotoka mwaka 2008, ulikwepa mtego huo, naye Willis alishirikishwa katika kurekebisha rangi. Shida yao kubwa ilikuwa nyingine, na ya ajabu kidogo: umaarufu wa filamu nusura uiue. Nakala za sinema zilichapwa moja kwa moja kutoka negativu halisi, yaani utepe wenyewe uliopita kwenye kamera, mara nyingi mno, hadi ikachanika na kukwaruzika, na vipande vyake vingine vikabadilishwa kwa nakala za nakala.

Kwa hiyo 4K imeleta nini gizani? Imeleta ngazi. Blu-ray hugawa mwendo wa kutoka nyeusi hadi nyeupe katika ngazi 256 kwa kila rangi, diski ya 4K katika ngazi 1024. Koti jeusi mbele ya ukuta mweusi sasa lina ukingo, bila chumba kuwa cheupe zaidi. Wanaonunua diski hiyo wakitarajia mwanga hulalamika, na nawaelewa kabisa.

Kwenye sauti kuna kosa pacha. Sehemu mbili za kwanza zilitoka sinema zikiwa na sauti ya mono, njia moja tu. Spika tano na ile ya besi ziliongezwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo anayengoja risasi zipite nyuma ya kisogo chake anaidai filamu deni isilolikopa. Diski za 2022 zimerudisha mono ya awali kando ya mchanganyiko mpya, na pa kuijaribia ni mgahawani, Michael, mtoto wa Don Vito, anapoketi na Sollozzo, adui wa familia, na yule kapteni wa polisi. Walter Murch, mtu wa sauti wa filamu hiyo, aliweka pale kelele za treni ambayo hatuioni hata mara moja. Sollozzo anazungumza Kiitaliano bila tafsiri chini ya picha, uso wa Michael unakaza, treni inazidi kukaribia. Kwenye mono, breki zile na maneno yale vinatoka kwenye tundu moja, na treni inamfunika Sollozzo akiwa bado anaongea.