Blu-ray haikushinda kwa ubora wa picha
Kwa mafundi wa deki na televisheni hapa Majengo, Dodoma, bado utasikia kwamba HD DVD, diski ya filamu iliyoshindana na diski ya Blu-ray, ilikufa kwa sababu picha ya Blu-ray ilikuwa kali zaidi. Si kweli, na ni kuwaonea wahandisi wa Toshiba, kampuni iliyoongoza kuunda HD DVD. Zote mbili zilisomwa kwa leza ya nanomita 405, zilionyesha mistari 1080, na zilikubali mbinu tatu zilezile za kubana video: MPEG-2, VC-1 na H.264. Tofauti kubwa ilikuwa nafasi: gigabaiti 25 kwa kila tabaka la Blu-ray, 15 kwa HD DVD.

Kilichoamua ni biashara. PlayStation 3, mashine ya michezo ya Sony iliyosoma diski hizo, iliingiza Blu-ray majumbani. Januari 2008 studio ya filamu ya Warner Bros. ikaichagua. Februari, Toshiba ikasalimu amri.