Kujishikiza kwa kuchelewa: mimba ya popo inayongoja mvua

Kwa mamalia wengi, yai likisharutubishwa huanza kugawanyika, likawa kifuko kidogo cha seli, kisha kifuko hicho kikajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba na kondo la nyuma likaanza kujengeka. Kujishikiza kwa kuchelewa ni pale kifuko kinapofika salama lakini hakijishikizi. Hukaa humo kikiwa hai kwa miezi, karibu bila kukua.

Wale popo wakubwa wa rangi ya majani makavu wanaojazana kwenye mikaratusi huku magharibi mwa Kenya, wakipigiwa kelele na wenye maembe, ndio mfano bora. Wanasayansi huwaita Eidolon helvum. Aliyeligundua jambo hili kwao ni Festo Mutere, aliyewachunguza popo wa Kampala, ng'ambo ya ziwa kutoka Kisumu, akachapisha matokeo mwaka 1965 na 1967. Huko walipandana kati ya Aprili na Juni, kiinitete, yaani kile kifuko cha seli, kikajishikiza karibu na Oktoba, watoto wakazaliwa Februari na Machi. Ukihesabu tangu kupandana unapata miezi kama tisa, ilhali ukuaji wenyewe ni wa miezi minne hivi. Mama basi hunyonyesha mvua za masika zikiwa zimeingia na chakula kipo.

Ugunduzi huo una uzito kwa sababu ni wa ikweta. Mtu angetarajia ujanja wa kuahirisha mimba uwe wa wanyama wanaokimbia baridi kali. Huku hakuna theluji ya kukwepa. Kinachopangiwa ratiba ni mvua.

Usiuchanganye na ule wa popo wengi wa Ulaya. Hao hupandana kabla ya baridi, jike akahifadhi mbegu za dume mwilini hadi joto lirudi, ndipo yai litoke. Muda wote huo hakuna kiinitete. Popo wa matunda wa Jamaika naye ana njia ya tatu: kiinitete chake hujishikiza kwanza, halafu ndipo kipunguze mwendo.

Kusubiri kukiisha, kazi kubwa ni bawa. Mwanzoni mkono wa kiinitete cha popo ni kikafi kifupi, hauna tofauti kubwa na wa panya. Kisha vidole, isipokuwa gumba, hurefuka kupita kiasi, na ngozi iliyo kati yake hubaki. Kwetu sisi seli za ngozi hiyo hufa kabla hatujazaliwa, ndiyo maana vidole vyetu vimeachana. Kwa popo, vidole vya miguuni huachana vivyo hivyo. Mkononi kuna protini zinazodhaniwa kuzuia amri ya kufa. Mwili mmoja, jeni zilezile, lakini mguu unapata vidole huru vya kuning'inia na mkono unapata bawa.