Je, wajua kwa nini kutazamana na magari hakumlindi mwendesha baiskeli?

Barabara za Kasenga, Likasi na Kipushi huingiza Lubumbashi, mji wa Kongo, baiskeli zilizosheheni magunia ya makala, yaani mkaa. Nyingi hufuata mkono wa kulia pamoja na magari, lakini baadhi hushika ukingo wa kushoto, uso kwa uso na malori. Anayefanya hivyo ana hoja yake: gari la mbele naliona na naweza kulikwepa, la mgongoni silioni. Hoja hiyo inaingia akilini upesi, na watoto wengi hufundishwa hivyo na watu wanaowapenda. Hata hivyo si sahihi, na inafaa kuieleza kwa kirefu kwa sababu huharibu hata njia za baiskeli zilizojengwa kwa nia njema.

Chanzo chake ni kanuni nzuri iliyopewa mtu asiyehusika. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usalama barabarani humtaka mtembea kwa miguu, akiwa nje ya mji kwenye barabara isiyo na njia yake, ashike upande wa kutazamana na magari. Mkataba huohuo humtenga anayesukuma baiskeli: yeye afuate upande wa magari yanayokwenda aendako. Mtembea kwa miguu husimama papo hapo na kurukia majanini. Mwenye baiskeli iliyobeba makala hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Tuanze na hesabu. Gari linakwenda kilomita 45 kwa saa, baiskeli 15, na dereva anaiona ikiwa mita 50 mbele yake. Zikielekea upande mmoja, gari linaikaribia kwa tofauti ya kilomita 30 kwa saa, na dereva ana sekunde 6. Zikitazamana, mwendo unajumlishwa kuwa 60, na sekunde zinabaki 3. Toa sekunde 1 na nusu za kutambua hatari na kukanyaga breki: wa kwanza amebakiwa na 4 na nusu, wa pili 1 na nusu.

Lakini sekunde ni nusu tu ya jambo. Fikiria kijia chembamba cha sokoni, katika Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Ukimkuta mama mwenye beseni kichwani mnaelekea upande mmoja, unapunguza hatua na kumfuata hadi nafasi ipatikane. Mkikutana uso kwa uso, kupunguza hatua hakutoshi; lazima mmoja ahame, na hapo hapo. Dereva aliye nyuma ya baiskeli akikosa nafasi ya kuipita hushuka hadi kilomita 15 na kusubiri. Dereva anayetazamana nayo, hata akisimama kabisa, bado baiskeli inamjia.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye njia panda, na katikati ya Lubumbashi avenyu zimenyooka na kukatana kwa pembe mraba, kwa hiyo njia panda hufuatana. Dereva anayetoka njia ndogo akitaka kukata kulia anatafuta kitu kimoja: pengo katika magari yanayotoka kushoto kwake. Anatazama kushoto, anangoja, analiona pengo, anakanyaga mafuta. Baiskeli iliyo kinyume inatoka kulia, kwenye ukingo uleule anaoingilia. Mwenye baiskeli ameliona gari vizuri, akadhani naye ameonwa. Magari mengi ya hapa yana usukani kulia ingawa tunaendesha kulia, kama yalivyo malori yanayopitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Dereva wake hulazimika kuchungulia kushoto kupita kiti cha abiria, na muda wa kutazama kulia unapungua zaidi. Gari linalokata kushoto kutoka barabara kuu lina tatizo jingine: dereva anatazama yanayomjia mbele, na baiskeli iliyo kinyume iko nyuma ya bega lake la kushoto.

Hofu ya kugongwa kwa nyuma si bure. Nje ya mji, usiku, kwenye barabara ya mwendo mkali, ajali hizo hutokea na huua. Dawa yake ni taa nyekundu nyuma na kiakisi kilichofungwa juu ya mzigo, kwa kuwa kile cha mkingamatope hufunikwa na magunia. Tena, vipimo vingi kuhusu baiskeli vimefanywa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako mzigo wa namna hii haupo. Upana unaopendekezwa huko uchukuliwe kuwa kima cha chini.

Kwa hiyo njia za baiskeli ziwe mbili, kila ukingo yake, kila moja ya kwenda upande mmoja. Mita 1 na nusu humtosha mtu asiye na mzigo. Kwa makala, mita 2 au zaidi. Mstari wa rangi peke yake hugeuka maegesho, kwa hiyo ziwekwe kingo za zege zenye mapengo ya kupitishia maji ya mvua, na vyuma vya kufunika mifereji vilazwe kukatiza njia, visije vikameza gurudumu. Mita 10 kabla ya njia panda gari lisiegeshwe, na kona ibanwe ili gari likate polepole. Njia moja ya pande mbili kwenye ukingo mmoja hugharimu kidogo, lakini humrudisha yuleyule anayetoka kulia bila kutazamiwa. Inafaa tu pasipo na njia panda nyingi, kama kando ya reli.

Wengi huenda kinyume kwa sababu kuvuka barabara kuu kunatisha, na kuwakaripia hakuondoi sababu hiyo. Panapotakiwa kivuko, kijengwe chenye kisiwa katikati, kirefu kuliko baiskeli, walau mita 2, mtu avuke nusu kwa nusu. Kisipokuwepo, kata kushoto kwa hatua mbili: vuka njia panda moja kwa moja ukiwa kulia, simama kwenye kona ya mbele, geuza baiskeli, kisha vuka tena pamoja na magari ya upande huo. Na kama unakokwenda ni mita 100 tu nyuma yako, shuka usukume kwenye njia ya miguu.