Je, wajua kwa nini mwongozaji wa katuni anaweza asichore hata picha moja?

Mtoto wa Mwanjelwa anayetazama katuni jioni hudhani mtu mmoja kaichora yote. Hata vijana wengi wa Mbeya na Iringa wenye mkono mzuri wa kuchora hudhani hivyo, na wakisikia kwamba mwongozaji wa katuni waipendayo huenda hakushika kalamu, huuliza swali la haki kabisa: sasa analipwa kwa kazi gani?

Analipwa kwa kuamua, na uamuzi mzito kuliko yote ni wa muda. Sinema huenda kwa fremu, yaani picha mojamoja, 24 kila sekunde, televisheni yetu 25. Kipindi cha dakika 11, urefu wa kawaida kwa katuni za watoto, kina fremu 16,500. Unapopiga filamu ya watu, upepo unaweza kukuzawadia kitu ambacho hukukipanga. Katuni haina zawadi hizo. Mhusika hapepesi jicho mpaka mtu aseme apepese, na aseme pia kwa fremu ngapi.

Chukua tukio dogo. Msichana anatoka shule Tukuyu, mvua inamkuta njiani, anavunja jani la mgomba na kujifunika. Kwenye skripti hiyo ni sentensi moja tu. Mwongozaji anaanza kuihoji: tone la kwanza analiona, au analisikia likidondoka kwenye mgomba? Anatazama juu kwa muda gani kabla ya kukimbia? Ukimpa fremu 4, ameshtuka. Ukimpa 20, huyo ni mtoto wa Rungwe aliyezoea mvua, anapima kama ni ya kupita au ya kutwa nzima. Halafu kuna jani lenyewe. Lina uzito, kwa hiyo kikonyo kikiinuliwa, ncha hubaki nyuma kidogo ndipo ifuate. Vikipanda pamoja, jani litaonekana kama kipande cha bati. Mchoraji anaweza kulichora vizuri sana, mshipa kwa mshipa, na tukio bado likafa kwa sababu hesabu ya fremu ilikosewa.

Kwa sababu hiyohiyo, mazungumzo kwa kawaida hurekodiwa kabla ya picha kuhuishwa, yaani kupewa mwendo, ili midomo na pumzi za wahusika zifuate sauti. Na kabla ya hapo kuna storibodi, michoro ya harakaharaka inayoonyesha kila tukio, ambayo huunganishwa na sauti za majaribio ili kipindi kizima kitazamwe kikiwa bado rasimu. Hapo ndipo mwongozaji mzuri hukata bila huruma. Tukio likiondolewa kwenye rasimu, hasara ni ndogo. Likiondolewa baada ya kukamilika, jasho la watu wengi limepotea.

Kwa watoto wadogo hesabu inakuwa ngumu zaidi, na mimi naona hapa ndipo kazi hii inapostahili heshima kubwa. Mhusika akiuliza, “Hii ni rangi gani?”, lazima anyamaze kwa muda unaomtosha mtoto aliyeketi sebuleni kufikiri na kujibu. Kimya kikiwa kifupi, mtoto anaachwa nyuma; kikizidi, anaondoka kwenda kucheza. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanza kurusha katuni ya Ubongo Kids, ya watoto wakubwa kidogo, mwaka 2014, lina pia Akili and Me kwa watoto wa umri wa chekechea. Mwendo wa kipindi kimoja huwezi kuuhamishia kwenye kingine.

Watu hufikaje huko? Wengi huanza chini, kwa kuchora picha za katikati zinazounganisha mikao mikuu ya mhusika. Baadaye huhuisha matukio mazima, au huingia kwenye storibodi, ambayo ni ngazi ya kawaida sana kuelekea uongozaji. Anayeaminiwa hupewa kipindi kimoja, kisha mfululizo. Filamu ndefu ni safari nyingine, mara nyingi ya miaka kadhaa.

Wapo waliopita njia ya mkato, ingawa njia hiyo haikuwa nyepesi. Gints Zilbalodis wa Latvia alitengeneza filamu yake ndefu ya kwanza, Away ya 2019, peke yake. Iliyofuata, Flow, yenye paka na wanyama wenzake wasiosema neno, aliitengeneza na timu kwa Blender, programu ya kompyuta isiyolipiwa, na mwaka 2025 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni.

Kijana wa Uyole au Kihesa anaweza kujipima kwa simu na udongo wa mfinyanzi. Finyanga mhusika, iegemeze simu isitikisike, piga picha, msogeze kidogo, piga tena. Picha 12 kwa sekunde zinatosha, kwa hiyo sekunde 10 ni picha 120. Ukimaliza, mwonyeshe mtoto wa miaka mitano bila kumweleza chochote, na utazame macho yake. Pale anapogeuka kuangalia kwingine, rudi ukahesabu fremu upya.