TB: alichoandika daktari ndicho kilicho kwenye mwongozo?

Dhana: Dawa za TB zinajulikana, kwa hiyo daktari yeyote ataandika zilezile.

Dawa zinajulikana, kweli. Mwaka 1991 mtafiti Mukund Uplekar na mwenzake Shepard walichapisha matokeo ya swali rahisi waliloliuliza mjini Bombay, India, Mumbai ya leo: mgonjwa wa TB ungempa nini? Madaktari 100 wa binafsi wakataja michanganyiko 80. Yaani karibu kila zahanati na tiba yake! Takriban miaka 20 baadaye swali likarudiwa kwa madaktari 106. Safari hii michanganyiko ilikuwa 63, na walioandika tiba sahihi ni 6 tu.

Na si hesabu ngumu. TB ya kawaida ya mtu mzima hutibiwa kwa dawa 4 (rifampicin, isoniazid, pyrazinamide na ethambutol) kwa miezi 2, kisha rifampicin na isoniazid kwa miezi 4. Vidonge huhesabiwa kwa kilo: mwenye kilo 45 humeza 3 vya mseto (dawa zote 4 ndani ya kidonge kimoja) kila siku, wa kilo 60 humeza 4. Ukiandikiwa bila kupanda mzani, uliza.

Dhana: Anayekosea ni yule ambaye hakusoma.

Kwa dhana hii, utafiti wa Delhi, India, ulitoa jibu la kushangaza. Watafiti walituma wagonjwa wa kuigiza kwa watoa huduma, wakalalamika kikohozi kama kawaida. Katika ziara 250, takriban 1 kati ya 5 ndiyo iliyoshughulikiwa inavyotakiwa. Lakini watoa huduma walewale walipopewa kisa cha mgonjwa ili wakijibu tu, walijibu vizuri zaidi. Kujua walijua, lakini mgonjwa aliyeketi mbele yao mara nyingi aliondoka na dawa ya kikohozi na antibayotiki, bila kupimwa makohozi.

Dhana: Hali isipobadilika, aongezewe dawa moja yenye nguvu.

Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote. Kama vimelea vimeshazishinda dawa za mwanzo, hiyo mpya inabaki peke yake vitani, nayo hujengewa usugu. Kinachotakiwa ni kupima usugu kwanza.

Dhana: Mgonjwa aliyerudi na TB huanzishiwa sindano za streptomycin.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani liliacha kuupendekeza mpango huo mwaka 2017. Daktari anayeuandika leo anafuata mwongozo kweli, ila ule wa zamani.