Kali si Linux ya kuanzia

Ukimuuliza kijana wa Malimbe au fundi wa mjini Mwanza ni Linux ipi ya kuanzia baada ya Windows, mara nyingi utatajiwa Kali, mojawapo ya aina za Linux. Eti hiyo ndiyo Linux yenyewe, nyingine za watoto. Si kweli, na ushauri huu unakimbiza watu bure.

Kali imetengenezwa kwa kazi moja: kupima usalama wa mifumo. Watengenezaji wake wenyewe wameandika kwamba haimfai mgeni wa Linux. Msingi wake ni Debian Testing, tawi la majaribio la Linux nyingine iitwayo Debian, ambako programu hubadilika mfululizo. Kaa miezi miwili bila kusasisha, na unaweza kudaiwa gigabaiti kadhaa kwa mkupuo. Kwa mtu wa Nansio anayetegemea bando la simu, hiyo ni hela. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha na betri imekufa, vifurushi vya programu vinabaki nusunusu, pengine hata skrini ya kuingilia isifunguke. Dawa ya kwanza ni amri ya kumalizia usakinishaji uliokatika, `sudo dpkg --configure -a`, lakini mgeni ataijulia wapi? Anarudi Windows akiamini Linux ni mbovu. Ajali hiyo inaweza kutokea hata kwa Ubuntu, Linux ya matumizi ya kawaida, ila masasisho yake ni madogo zaidi, kwa hiyo nafasi ya kukatwa njiani ni ndogo.

Na kama unachotaka ni zana za kuchunguza mtandao kama nmap au Wireshark, Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, inazo: `sudo apt install nmap wireshark`. Basi.

Chukua Linux Mint 22, inayohudumiwa hadi 2029. RAM ya GB 4 inabeba Mint yenye mwonekano wa Cinnamon. Chini ya hapo weka yenye Xfce, iliyo nyepesi zaidi. Faili la kushusha linakaribia GB 3, flashi ya GB 8 inatosha.

Utasikia pia hofu hizi. "Lazima ujue amri." Hapana. Kusasisha na kuongeza programu ni kubofya tu.

"Windows itafutika." Itafutika ukichagua kufuta diski. Chagua kuweka Windows na Linux pamoja, lakini kwanza nakili mafaili yako kwingine, tunza ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows ya kulinda diski), kisha fungua Command Prompt kama msimamizi uandike `powercfg /h off`. Bila hiyo Windows haizimiki kabisa, na Linux inaweza kukataa kuandika kwenye diski yake.

"Wi-Fi haishiki." Hutokea, hasa kwa chipu za Broadcom. Washa Mint kutoka kwenye flashi na ujaribu kabla ya kusakinisha. Ikigoma, chomeka simu kwa waya wa USB, gawa intaneti yake, halafu fungua Driver Manager, programu ya Mint ya kutafuta viendeshi vya vifaa.